Tumebadilisha Mausi Tatu, Sasa Wanataka Madabodi

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi na habari zako kama tuko sawa, nakuandikia unisaidie kufikiri kwa sababu mimi mwenyewe nimefikiri mpaka sijui tena nilianzia wapi, na Jumamosi fundi wa kompyuta anakuja na bisibisi zake, na mimi ndiye niliyemwambia aje, na sitaki aje.

Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tuna chumba cha kudarizi, huu mwaka wa kumi na nne, tunadarizi nembo za shule kwenye sweta, majina ya wauguzi kwenye makoti yao, maua kwenye mashuka ya maharusi, chochote mtu anacholeta. Chumba kina dirisha moja na meza mbili. Ya dirishani ni ya wifi, ina kompyuta ya mezani, ile yenye boksi lake chini na skrini yake juu, na hapo ndipo anapochora, yaani anachukua nembo iliyo kwenye karatasi na kuigeuza mishono, huu ulale hivi, huu usimame hivi, nyekundu itangulie, dhahabu ifuate, ili mashine isikate uzi mara mia. Mimi ni wa kwenye mashine. Natunga nyuzi, nabana kitambaa kwenye fremu, nabonyeza, nasimamia. Kompyuta na mashine zimeungwa kwa waya mnene ambao kichwa chake kina skrubu mbili za kukaza kwa vidole, wifi akimaliza kuchora anatuma, mimi napokea. Ndivyo tulivyo siku zote, yeye kichwa mimi mikono, na sijawahi kumwonea wivu, kichwa changu kisingeweza.

Mwishoni mwa mwaka jana wifi alipata kiharusi kidogo. Daktari ndiye aliyekiita kidogo, sisi hatukuuona udogo wake. Alilazwa siku kumi na mbili, akarudi anatembea, anaongea sawasawa, anacheka, anatutukana vizuri kama zamani, tukamshukuru Mungu, tukaambiwa arudi kila wiki kwa mazoezi ya mkono wa kulia, akaenda mara mbili, kisha shule zikakaribia kufunguliwa na kazi zikatujaa na yeye akarudi kwenye kiti chake na mazoezi yakasahaulika.

Siku ya kwanza alikuwa anachora nembo ya shule, ngao yenye mwenge na kitabu, kazi ambayo zamani angeianza asubuhi na kabla ya chakula cha mchana ningekuwa nayo kwenye sindano. Mchana ukafika ngao haina hata ukingo. Nikainuka kwenda kumtazama, nikaona ule mshale wa kwenye skrini unakwenda, unapita pale anapotaka usimame, anaurudisha, unapita tena upande wa pili, na nikaona uso wake. Mshauri, ule uso siwezi kukuandikia. Ndipo nikasema, nilisema mimi kwa kinywa changu, hakuna aliyenituma:

"Hii mausi imechoka, wifi. Tununue nyingine."

Akaitazama mausi, akanitazama mimi, akasema haya.

Tukanunua mausi. Haikusaidia. Nikasema labda meza inateleza, nikamtandikia kipande cha sweta chini yake. Haikusaidia. Mume wangu akapita siku moja akamkuta dada yake amekunja uso mbele ya skrini, akauliza kuna nini, na kabla wifi hajafungua mdomo nikawahi mimi, nikasema kompyuta imekuwa nzito siku hizi. Sasa mume wangu ni mtu ambaye ukimwambia paa linavuja keshapanda ngazi kabla hujamwonyesha panapovuja, na huyu ni dada yake wa pekee, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, basi kesho yake alileta mausi isiyo na waya, inawaka taa ya bluu. Wiki iliyofuata akaleta ya tatu, muuza duka alimwambia ndiyo wanayotumia wacheza magemu. Kila mausi ikija wifi anasema asante, anaiweka mkononi, anaendelea. Na mume wangu, nimemchunguza, akiingia pale chumbani anatazama skrini, anatazama boksi, anatazama waya, mkono wa dada yake hautazami.

Ndipo akaja fundi. Tunamwita Fundi Miwani kwa sababu ana mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, na mpaka leo hatujui ipi ndiyo ya kazi. Akafungua boksi, akapuliza vumbi, na lilikuwa vumbi la nyuzi la rangi zote, akasema tatizo limepatikana. Halikupatikana. Akarudi akaongeza memori. Akarudi tena akaweka diski mpya, ile ya kisasa, akaiwasha mbele yetu ikawaka upesi mpaka mume wangu akapiga makofi. Kisha wifi akakaa kitini na nembo ya siku moja ikachukua siku nne. Fundi akaitwa mara ya nne, akakuna kichwa mpaka miwani ya juu ikadondoka, akasema kama vyote hivi tumebadilisha na bado ni nzito basi kilichobaki ni madabodi, ule ubao mkubwa ndani ya boksi ambao kila kitu kimechomekwa juu yake. Akaeleza robo saa nzima, sijui kasi, sijui njia za data, na mimi naitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, na ningekuwa sijui Kiswahili ningeelewa vilevile.

Binti yake wifi, mtu mzima, anafanya kazi ofisi ya bima na kompyuta anazijua, kusikia hivyo akasema mama asiteseke na mashine ya zama za kale. Kabla sijajua, amenunua madabodi mpya, na prosesa yake, na memori zake, maana alisema za zamani haziingii kwenye ubao mpya, akaleta vyote kwenye maboksi yamefungwa vizuri, amefurahi kweli. Akaniuliza, "Shangazi, si ndiyo hii itamsaidia mama?" Nikasema ndiyo. Wifi alimshukuru pia. Akamwambia, "Weka juu ya kabati, mwanangu. Tutaona." Basi yakawa yamekaa juu ya kabati wiki mbili na wifi hayataji, ni mimi niliyebanwa na mume wangu mpaka nikampigia fundi simu nikamwambia njoo Jumamosi.

Sasa, Mshauri, hapa ndipo ninapopotea. Kompyuta ni nzito au si nzito? Asubuhi nikifika kabla ya wifi naiwasha mwenyewe, nafungua nembo moja ya zamani kuijaribu, na inafunguka kabla sijamaliza kutunga uzi sindanoni, basi najiambia hii ni nzima, mwongo ni mimi. Lakini Jumanne iliyopita iliganda. Wifi alikuwa ametoka, nimeigusa mimi kwa mkono wangu mzima na ikaganda, na nikafurahi, nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi, nikampigia mume wangu simu nikamwambia unaona, unaona, imeganda. Mwanamke mzima nafurahia kompyuta kuharibika. Uongo huu nimeusema miezi mitano mpaka kuna siku naushuhudia kwa macho, na sasa sijui tena kama nilimdanganya wifi au nilipatia bila kujua. Labda kweli ni madabodi? Watu wawili wanaojua kompyuta wamesema ni madabodi, mimi ni nani?

Na kuna jingine la kukiri. Kuna kazi ya shule moja ilitakiwa wiki tatu zilizopita, nembo ya ndege aliyeshika ufunguo. Mwalimu mkuu amekuja mara mbili kuulizia, mara ya pili alikuwa mpole sana na upole wake ndio ulionitisha, mtu anayekuja kukuaga huwa mpole hivyo. Basi wifi alipotoka kwenda chakula nikakaa kwenye kiti chake, nikaliona jicho la ndege limepinda, nikalinyoosha, mimi ambaye kazi yangu ni kubonyeza na kusimamia. Nilitoka jasho. Aliporudi akalitazama muda mrefu, akasema, "Ajabu. Nililiacha jicho limepinda, sasa limenyooka." Kisha akaniuliza uzi mwekundu uko wapi. Nikampa uzi mwekundu.

Ninachoogopa ni hiki. Fundi akibadilisha madabodi Jumamosi, wifi akakaa kwenye kiti Jumatatu, na mshale ukapita tena pale anapotaka usimame, hatutakuwa na kingine cha kusingizia. Boksi zima litakuwa jipya. Atajua ni yeye. Na mimi ninaona, Mshauri, akijua ni yeye hatarudi tena kwenye kile kiti, na sisi hatutakuwa na chumba cha kudarizi, na mimi sitakuwa na yeye. Lakini nikikataa fundi asije wataniuliza kwa nini, mume wangu ataona namzuia dada yake asisaidiwe, binti atadhani nimeionea wivu zawadi yake. Kila mtu nimemwambia ndiyo. Sijabakiza ndiyo hata moja ya kwangu mwenyewe.

Juzi jioni tulipokuwa tunafunga, wifi alisimama mlangoni akayatazama yale maboksi juu ya kabati, akaniuliza, "Hayo yakishawekwa, halafu?" Nikasema halafu itakuwa nyepesi, wifi. Akasema, "Na isipokuwa?" Nikasema tutatafuta kingine. Akacheka kidogo, akachukua mkoba wake kwa mkono wa kushoto, akaondoka, na mimi nilibaki pale na funguo mkononi sijui alikuwa ananiuliza nini.

Naomba unijibu kabla ya Jumamosi. Tubadilishe madabodi au tusibadilishe? Na tukibadilisha, je, kuna uwezekano wowote, hata mdogo, kwamba ni kweli ilikuwa kompyuta?

Ni mimi, wa kwenye mashine.


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, wa kwenye mashine. Nimekuzidi, tena kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakugombeza kwa haki.

Nianze na ulichouliza. Mimi kompyuta naijua kwa kuiwasha na kuizima, basi barua yako nimempelekea fundi mmoja mwanamke ambaye hutengeneza kompyuta za viwanda vya nguo, na hakusoma hata nusu. Alipofika kwenye ule waya wenye skrubu mbili akauliza, "Na huo watauchomeka wapi?" Anasema madabodi nyingi za siku hizi hazina tundu la waya wa aina hiyo. Anasema pia kwamba programu nyingine za kudarizi za zamani hufungwa kwenye kompyuta ileile zilipowekwa mara ya kwanza, na ukibadilisha ubao zinadhani zimeibiwa na zinakataa kufunguka. Zenu ziko hivyo au haziko, yeye hajui, mimi sijui, na Fundi Miwani pia hajui kwa sababu hakuuliza. Watu wanne wazima mmeikodolea macho kompyuta miezi mitano na hakuna hata mmoja aliyejiuliza imeungwa na nini. Jumatatu mngeamka na kompyuta inayoruka kama swala na mashine ya kudarizi isiyosikia neno lake hata moja.

Kwa hiyo, jibu la kwanza: msibadilishe. Ya Jumanne isikuchanganye, kompyuta ya umri huo kuganda siku moja si habari. Ila wiki hii hii nakili michoro yenu yote ya miaka kumi na minne, iweke sehemu mbili nje ya hilo boksi, moja ikae nyumbani kwako na nyingine kwa binti. Kompyuta inayofungua michoro upesi asubuhi ukiwa peke yako haihitaji ubao mpya. Na hapana, mama, hakuna uwezekano, hata huo mdogo unaouomba.

Hilo lilikuwa swali la fundi. Sasa tuje kwenye barua.

Nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali wifi yako anaposema kompyuta ni nzito. Sikupaona. Umesema wewe, akasema mumeo, akasema fundi, akasema binti. Anayekaa mbele ya hiyo skrini kutwa nzima hajasema hata mara moja. Amesema haya, amesema asante, amesema tutaona. Wewe uliandika kurasa zote hizi na hukuliona hilo, kwa sababu hukutaka kuliona, na mimi sikulaumu kwa kutotaka, nakulaumu kwa kujifanya huelewi alichokuuliza mlangoni.

Jicho la ndege. Mtu aliyechora mishono miaka kumi na minne anaujua mshono wake kama anavyoujua mwandiko wake, na wa kwako, samahani, nadhani aliujua kabla hajaketi. Alikwambia kwa upole kwamba amekuona. Wewe ukampa uzi mwekundu. Kisha juzi akakuuliza wazi kabisa, hayo yakishawekwa, halafu? Huyo hakuwa anauliza habari za kompyuta. Alikufungulia mlango ukaurudishia usoni pake, ukamwambia mtatafuta kingine. Kingine kipi? Mtabadilisha dirisha?

Unaogopa atajua. Anajua. Amejua tangu ile siku ya mausi ya kwanza. Ananyamaza kwa sababu anawaona mnavyotamani iwe kompyuta, kaka yake na mausi zake zenye taa, mwanawe na maboksi yake, na wewe unayetoka jasho kwenye kiti chake, na hana moyo wa kuwavunja moyo. Mgonjwa ni yeye na anayewauguza ninyi ni yeye.

Ile mausi ya kwanza nakusamehe, na nasema kwa dhati. Uliona uso wa mtu unayempenda ukashika kilichokuwa karibu. Hata mimi ningenunua hiyo mausi. Lakini ya pili ilikuwa ya nini? Hapo ndipo mlipoanza kufunika kombe, na tangu siku hiyo mmelifunika kwa memori, kwa diski, sasa mnataka kulifunika kwa madabodi, na kombe lenyewe liko palepale na kila mtu analiona.

Na sasa naomba uweke chini hiyo sindano unisikilize, maana hapa ndipo nilipokasirika. Fundi wa kompyuta mmemwita mara nne, ya tano ni Jumamosi. Mkono wa wifi yako umepelekwa kwenye mazoezi mara mbili. Mara mbili, miezi mitano. Nimezungumza na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ameniambia miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ndiyo yenye thamani kuliko yote, mkono hujifunza upya wakati huo kuliko wakati mwingine wowote, na kwamba kuchelewa ni kubaya lakini si mwisho, anaowapokea baada ya nusu mwaka wapo na baadhi yao hupata nafuu nzuri. Baadhi. Hakuniahidi zaidi ya hapo na mimi sikuahidi wewe. Ninyi mmeitumia miezi hiyo kumtibu asiyeumwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, ila hata wao hawakuwahi kusikia watu waliochukua maradhi ya ndugu yao wakampa kompyuta aumwe kwa niaba yake.

Najua hukukusudia. Ulikusudia heshima yake. Lakini hiyo heshima uliyomtunzia haimfai kitu, kwa sababu kadiri kompyuta inavyokuwa ndiyo mgonjwa, hakuna anayemshika yeye mkono akamwambia twende.

Kuhusu chumba chenu, unaona giza mahali ambapo mimi sioni. Umeniandikia mwenyewe kwamba yeye ni kichwa wewe ni mikono. Kiharusi hakikugusa kichwa chake, mtu anayetukana vizuri namna hiyo kichwa chake kiko salama. Nyekundu itangulie au dhahabu itangulie, hilo bado analo. Kwa hiyo wewe kaa kwenye mausi, yoyote kati ya hizo tatu, yeye akae ubavuni mwako akuambie peleka hapa, simama, rudi, nani kakuambia hapo. Wiki mbili za kwanza mtagombana mpaka majirani waje. Mtaanza na huyo ndege. Mwalimu mkuu mwambieni siku ya kweli ambayo sweta zitakuwa tayari, hata kama ni mbali, na mpole wa namna yake akitaka kwenda kwingine aende akijua ukweli. Wifi yako naye ajaribu mkono wa kushoto kwa michoro midogo, majina ya wauguzi na kadhalika, kwa saa yake mwenyewe, bila mtu kumsimamia nyuma ya kiti.

Fundi Miwani mpigie leo umwambie asije. Usimweleze sana, sema hapana, lione neno hilo lilivyo fupi. Maboksi ya binti hayajafunguliwa, ayarudishe dukani, na umwambie kinachomsaidia mama yake ni yeye kumsindikiza kwenye mazoezi kila wiki, ofisi ya bima itampa ruhusa au itanuna, vyote viwili vinavumilika. Atalia kidogo kwa zawadi yake. Mumeo mwachie wifi mwenyewe amwambie, ni kaka yake, na nadhani siku dada yake atakapoukunjua huo mkono mbele yake ndipo atakapoutazama. Ila yeye na binti wasijue kabla ya wifi. Wa kwanza kuambiwa ni yeye, na wa kumwambia ni wewe, na iwe kesho, asubuhi, kabla hujawasha chochote.

Usianze na "watu wanasema" wala "nimesoma gazetini". Usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Keti, umtazame, useme: "Wifi, kompyuta ni nzima. Nimekudanganya tangu mausi ya kwanza. Jumamosi nataka twende kwenye mazoezi ya mkono."

Kisha nyamaza. Hapo ndipo utakaposhindwa, nakujua kwa barua yako, ukimya ukikukuta unaujaza kwa chochote kilicho mdomoni. Mara hii usiujaze. Pengine atalia, pengine atakutukana, pengine atachukua mkoba wake aondoke na asiongee nawe siku mbili. Usimfuate, na usimtume mtu. Yeye amekaa na jambo hili peke yake miezi mitano, wewe siku mbili hazitakuua.